BARIDI YABISI SI SABABU YA KUKAA TU

Ndugu Wanachama,

Katika kazi yetu ya reli, miguu ndiyo chombo cha kwanza. Twatembea juu ya kokoto, twavuka mataruma, twapanda na kushuka mabehewa usiku na mvuani. Si ajabu basi kwamba wenzetu wengi, wakifika miaka hamsini, magoti yao yamekwisha kushikwa na baridi yabisi.

Shauri wapewalo ni moja: kaa, pumzika, mwenda pole hajikwai. Shauri hilo latoka kwa watu wenye mapenzi mema, lakini mimi nasema ndilo linalowaangusha. Goti likiuma, mtu hulitumia kidogo. Akilitumia kidogo, misuli ya paja hulegea. Misuli ikilegea, goti halina wa kulishika. Mwenda pole mwenye miguu dhaifu hujikwaa pia, na akijikwaa hana nguvu ya kujizuia.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2019 wataalamu walichunguza majaribio 108 yaliyofanywa kwa watu zaidi ya 23,000, wa miaka 60 na kuendelea. Waliona kwamba mazoezi hupunguza kuanguka kwa karibu robo, hasa mazoezi ya kusimama imara na ya kutia miguu nguvu. Kwa mwenye baridi yabisi ya goti, mazoezi hupunguza maumivu pia.

Hayahitaji mashine wala fedha. Shika ukingo wa meza, inuka kwa ncha za vidole vya miguu, shuka polepole, mara 10. Kaa kitini, kisha simama bila kujisukuma kwa mikono, mara 5, uongeze kadiri uwezavyo. Simama mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, hesabu mpaka 10, meza ikiwa karibu. Fanya siku 3 kwa juma. Uchungu kidogo usikutishe. Ukizidi mpaka kesho yake, punguza. Kiungo kikivimba na kuwa moto, acha kwanza, umwone daktari.

Sasa nafika kwa Chama. Wengine watasema kazi ya Chama ni kudai mshahara, si mazoezi. Nami nawauliza: mfupa wa nyonga ukivunjika, mshahara huo mtaufuata kwa miguu ipi? Sheria ya fidia ya mwaka 2007 humtazama aliyeumia kazini. Mzee aliyestaafu akianguka mlangoni kwake, haimhusu.

Sheria ya usalama na afya kazini, ya mwaka huo huo, yataka kamati ya usalama mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, na wafanyakazi wawe na wajumbe humo. Wajumbe wetu wapeleke dai hili: dakika 10 za mazoezi mwanzo wa zamu, ndani ya saa za kazi zenye malipo. Wala mwajiri asiyafanye mazoezi kuwa kisingizio. Taa za yadi ziwake, na ngazi mbovu zitengenezwe.

Wastaafu nao waalikwe matawini wafanye pamoja nasi. Magoti yao yalichakaa kwa kazi hii hii, na yetu yako njiani.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuanze zamu ya kesho.

Mimi mwenzenu wa reli.