Msimcheke fundi wa uzi

Najua nimepotea, TP ilinibana. Nimerudi chuo juzi nikitokea nyumbani Karagwe, na nimerudi na hasira. Mnivumilie kidogo.

Jana usiku chumbani tulikuwa tunapiga stori. Nikasema kaka yangu (mtoto wa mama mkubwa), anayeendesha mchomoko wa Omurushaka kwenda Nkwenda kule Kyerwa, anapimiwa alaimenti kwa uzi. Jamani, walivyocheka! Eti huko kwenu bado mpo zama za mawe, alaimenti ni ya kompyuta. Nikanyamaza. Sasa najibu.

Kwanza, uzi si ushamba. Gari linasimamishwa pasawa, usukani unanyooshwa na kufungwa usicheze. Uzi unavutwa kila upande, usawa wa katikati ya tairi, sambamba na gari. Fundi anapima kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, halafu ukingo wa nyuma. Vikitofautiana, analegeza nati ya tairodi na kuizungusha kidogo kidogo. Hiyo si ni hesabu yetu ya mistari sambamba?

Marekani kuna mbio za vigari vidogo viitwavyo karti. Njia yao nyingine ina umbo la yai, wanakata kona za kushoto tu. Wale matairi ya kushoto na kulia wanayapinda tofauti makusudi, na la nyuma kulia wanaliweka kubwa kuliko la kushoto. Nao wapo wanaopima kwa uzi na futi! Kompyuta sikatai, kuna vipimo inavyovisoma vizuri kuliko uzi. Lakini gari bovu hata kompyuta hailiponyi.

Ndiyo hoja yangu ya pili. Siku ya mwisho nyumbani nilipanda gari la kaka, nikakaa mbele. Usukani unavuta kushoto, kaushikilia kwa mikono miwili njia nzima. Tulipofika nikainama: tairi la mbele kushoto limelika upande wa ndani mpaka waya zinaonekana.

"Kaka, si ulisema umepeleka kwa fundi?"

"Nilipeleka, mdogo wangu. Fundi kakataa kupima. Kasema tairodi endi imekufa, akipima atakuwa ananiibia. Bosi naye kasema spea baadaye, hesabu kwanza."

Mmeona? Yule fundi mnayemcheka alipiga jeki, akashika tairi kushoto na kulia, akalitikisa, likacheza. Akasema ukweli, akakosa hela ya siku hiyo. Mwongo hapa ni nani?

Haya, hesabu. Tairi likipinda digrii 1 tu, kila kilomita linaburuzwa kiubavu kama mita 17. Kyaka mpaka Bugene ni kama kilomita 59. Ina maana ukifika umelisugua tairi kiubavu kilomita nzima! Bosi anadhani ameokoa hela ya spea, kumbe anailipa kwenye matairi. Na hiyo tairodi endi ikichomoka kwenye mteremko, mvua inanyesha, ndani mmebanana kama senene kwenye debe... sitaki kumalizia. Mama yangu anapanda gari hilo.

Najua kuna mtu atasema barabara za vumbi ndizo zinaua spea, bosi afanyeje? Kweli zinaua. Basi akague mara nyingi zaidi, siyo asikague kabisa!

Na sisi walimu watarajiwa je? Mtaala mpya ulioanza 2024 umeleta mkondo wa amali sekondari. Tutamfundisha mtoto aheshimu kazi ya mikono wakati bwenini tunamcheka fundi? Mimi nikipata ajira, mistari sambamba naifundishia gereji.

Mabosi, nunueni spea. Abiria, kabla hujapanda, inama uangalie tairi, haikugharimu kitu. Na nyie wa chumbani kwangu, chai ya kesho mnanunua nyie.

Naomba kuwasilisha.