Mashine ikifika Kindu, ubongo wake uwe wa nani?



Siku hizi karibu kila chombo kipya kinachofika kwetu Maniema kina ubongo mdogo ndani: mizani ya kuonyesha namba, kipimo cha unyevu wa mupunga, pampu ya jua, hata taa yenye tunalipia kidogo kidogo kwa simu. Ubongo huo unaitwa mikrokontrola. Ni kipande cheusi chenye miguu ya chuma, kimeshikwa kwenye kibao kwa risasi ya kuunganishia. Risasi hiyo, ile ya kisasa, zaidi ya sehemu 90 kwa 100 ni bati, madini yale yale yenye watu wanachimba kule Kalima na Kailo. Bati inatoka kwetu, inarudi ndani ya mashine, na mashine ikikufa hatuna namna ya kuifungua.

Mimi nasema hivi: koperative isitie sahihi ya kununua au kupokea mashine, hata ya bure, kabla ya kujua ubongo wake ni wa aina gani na programu yake iko mikononi mwa nani.

Tuchukue jamaa moja yenye kujulikana sana, AVR. Iliundwa na wanafunzi wawili wa Trondheim, Norway, na leo inatengenezwa na kampuni Microchip ya Marekani. Ndani ya jamaa hiyo kuna ndugu wanne: ATmega48, 88, 168 na 328. Wote wanapatikana kwa umbo la miguu 28 iliyopangwa sawasawa. Tofauti yao kubwa ni nafasi ya kuweka programu: kilobaiti 4, 8, 16 na 32. Fundi akikosa yule mdogo, mara nyingi anaweza kuweka mkubwa pahali pake, mradi programu itayarishwe kwa ajili yake. Kwa mtu wa Kindu, mwenye kungojea mzigo wa treni ya Kalemie au wa ndege, hilo si jambo dogo.

Ubongo huu unavumilia umeme wa volti 1.8 hadi 5.5. Betri mbili tatu za tochi zinatosha. Ukiwa hauna kazi unalala, na wakati huo unakula umeme kidogo sana, karibu sehemu moja ya milioni ya ampea. Ndani yake kuna mlinzi: programu ikikwama, anaiamsha upya bila mtu kugusa. Na kuna kumbukumbu ndogo isiyofutika umeme ukikatika. Humo ndimo mizani inaweka vipimo vyake.

Sasa tuje kwenye mizani, juu hapo ndipo feza ya mkulima inapita. Ubongo huu unasoma uzito kwa ngazi 1,024 tu. Mizani ya kilo 100 ikitegemea ngazi hizo peke yake, kila ngazi ni karibu gramu 100. Kama imepangwa kukata kuelekea chini, gunia moja linapoteza wastani wa gramu 50, magunia 100 karibu kilo 5. Ndiyo maana mizani nzuri inawekewa chipu nyingine ya pembeni, yenye kusoma ngazi nyingi zaidi. Kwa macho zote mbili zinafanana, na zote zinaonyesha namba za kumetameta. Kwa hiyo, kabla ya kuuza, pimeni kwanza kitu chenye uzito unaojulikana, mbele ya mnunuzi na mbele ya wanachama.

Kipimo cha unyevu ni vilevile. Mupunga wa kuweka ghalani na wa kukoboa unatakiwa kukauka hadi karibu asilimia 14. Lakini kipimo hakioni maji yenyewe. Kinasoma namna mbegu zinavyopokea umeme, halafu programu inageuza usomaji huo kuwa asilimia. Kama programu ilitengenezwa kwa ngano au mahindi, itatoa namba safi kabisa, na ya uongo. Mupunga utaoza kwenye gunia, na watu watasema mama aliyeanika ndiye mvivu.

Hapa ndipo neno la programu linakuwa zito. Mtengenezaji anaweza kuifunga kwa kufuli ya ndani. Fundi anaweza kufuta chipu yote na kuandika upya, lakini hawezi kusoma kile kilichokuwemo. Basi chipu ikiungua kwa radi, kijana wetu fundi wa simu anaweza kutoa ile mbovu na kuweka mpya. Lakini mpya iko tupu. Mashine nzima, yenye bomba zima na mota nzima, inabaki kibanda cha kuku kulalia. Wanachama wanauliza, « Ile masini tutaifanya nini? » Na hakuna mutu mwenye anajibu.

Wauzaji wana sababu zao, na si zote za uongo. Kufuli inazuia wenzao kuiba kazi yao. Kwa taa za kulipia kidogo kidogo, biashara iliyoenezwa na M-KOPA ya Kenya tangu 2012, kufuli ndiyo inafanya mtu asiye na feza ya mara moja apate mwanga. Hiyo nakubali. Lakini deni likiisha, kufuli nayo iishe. Na mashine iliyonunuliwa kwa feza taslimu, au iliyotolewa na shirika kwa jina la wakulima, haina deni la kulinda.

Mashirika nayo yasikie. Kuhesabu mashine zilizogawiwa ni rahisi. Tuhesabu pia ngapi zinatembea baada ya masika mawili.

Kwa hiyo, kwenye mukutano ujao, komiti imuulize muuzaji au mfadhili maneno haya, na majibu yaandikwe kwenye mukataba:

– Ubongo wa mashine ni wa jamaa gani, na wa akiba ziko ngapi ndani ya sanduku?
– Nakala ya programu itabaki na koperative?
– Vipimo vilipangwa kwa mupunga wetu au kwa zao lingine?
– Fundi gani wa hapa Kindu, Kasongo au Kibombo atafundishwa kuitengeneza?
– Deni likiisha, kufuli inafunguliwa siku gani?

Akikataa kujibu, mwambieni kwa heshima arudi na mashine yake. Jembe tunalijua mpini wake unatoka mti gani. Mashine nayo tuijue hivyo kabla haijaingia ghalani.