Je, Tumemtendea Haki Bibi Mileva?

Muhula huu chama chetu cha majadiliano kilibishana juu ya Bibi Mileva Marić, mke wa kwanza wa Albert Einstein. Upande mmoja ulishika kwamba nadharia ya rilativiti ilikuwa yake, mumewe akamwibia. Wa pili ukasema hakuwa ila mpishi na mlezi. Wanafunzi wa zamani waliokuja kusikiliza walipigia makofi pande zote mbili. Mimi naona pande zote mbili zilimkosea mama huyu.

Alizaliwa Titel mwaka 1875, katika nchi ambayo leo ni Serbia. Huko Zagreb alisoma katika shule ya wavulana, na ilibidi apewe ruhusa ya pekee ndipo aketi katika somo la fizikia. Mwaka 1896 akaingia Chuo cha Ufundi cha Zurich, Uswisi, mwanamke peke yake katika kundi lake. Kijana Einstein alikuwamo kundini. Wakasoma vitabu pamoja, wakapendana.

Wenzangu wanaopenda hadithi ya wizi hutaja barua ya mwaka 1901, ambamo Einstein anamwandikia Mileva juu ya kazi yao wawili ya mwendo. Barua ipo, sikatai. Lakini makala ya 1905 ina jina la Einstein tu, na Mileva mwenyewe hakujitokeza hadharani kuidai. Neno moja la mchumba ni uzi mwembamba mno kubeba mzigo ule.

Tuliyo na hakika nayo ni mazito zaidi, na katika ubishi wetu hayakutajwa kabisa. Mwaka 1900 Mileva alifanya mtihani wa mwisho, akashindwa, Einstein akafaulu. Mwaka 1901 akaurudia akiwa na mimba, bila ndoa, akashindwa tena. Mimba ilikuwa ya wote wawili, bali aliyeingia nayo katika chumba cha mtihani alikuwa mmoja. Mtoto Lieserl alizaliwa 1902 nyumbani kwa wazazi wa Mileva, na baada ya 1903 habari zake zinapotea. Mwaka uleule wa 1902 baba mtoto alianza kazi katika ofisi ya kuandikisha uvumbuzi mjini Bern. Ni nani kati yetu asiyemjua msichana aliyeacha masomo namna hii, na mvulana aliyehusika akaonekana darasani Jumatatu kama kawaida? Juu ya hilo chama chetu hakijapata kufanya mjadala.

Walioana Januari 1903, wakapata wana wawili, Hans Albert na Eduard. Walitengana 1914, wakaachana 1919. Katika mapatano ya talaka iliandikwa kwamba Einstein akipata Tuzo ya Nobel, fedha zitakuwa za Mileva na watoto. Aliipata mwaka 1922, nayo ilikuwa tuzo ya 1921. Wako wanaosema fedha hizo zilikuwa malipo ya kufunga kinywa. Mimi nasema ni hesabu ya mama mwenye wana wawili wa kulisha, tena aliyejua kuhesabu.

Fedha zikanunua nyumba Zurich. Eduard akaugua akili, matibabu yakala mali. Bibi Mileva alimtunza mwanawe huyo miaka mingi, hata akafariki Zurich tarehe 4 Agosti 1948.