Shinyanga Ilivyoishinda Kasumba ya Kushindwa

Hakuna adui mbaya kwa mkulima au mchimbaji kuliko fikra kwamba hawezi. Ukame huja ukapita, na bei ikishuka huweza kupanda tena. Lakini mtu aliyekwisha kukubali moyoni mwake kwamba ameshindwa hainui jembe hata mvua inaponyesha. Ndiyo maana historia ya ngitili katika Mkoa wa Shinyanga haina budi kukumbukwa, hasa wakati huu ambapo ardhi ya ukanda wa dhahabu, kutoka Kahama hadi Geita, inazidi kuchakaa.

Shinyanga haikuumbwa jangwa. Ilikuwa nchi ya miombo na migunga. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliendesha ufyekaji wa mapori ili kuangamiza mbung'o. Baadaye mashamba ya pamba, wingi wa mifugo na mahitaji ya kuni yakapunguza sana kile kilichobaki. Uhamiaji wa vijijini wa miaka ya 1970 nao uliwatenga wananchi wengi na malisho waliyozoea kuyahifadhi. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mkoa huo ulikuwa ukiitwa jangwa la Tanzania. Jina hilo lilikuwa baya kuliko ukame wenyewe, kwa sababu liliwafundisha wenyeji kuamini kwamba ardhi yao imekufa na kwamba desturi zao ndizo zilizoiua.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, mpango ambao Norway iliuunga mkono. Mwanzoni mkazo ulikuwa katika bustani za miche na upandaji wa miti, mingi ikiwa ya kigeni. Mageuzi yalikuja pale wataalamu walipowageukia wazee na kuuliza jinsi wao wenyewe walivyokuwa wakiitunza ardhi. Jibu lilikuwa ngitili: eneo linalofungwa mvua zinapoanza ili nyasi na miti vipate kuota, kisha likafunguliwa kwa mifugo wakati wa kiangazi. Ikadhihirika kwamba chini ya udongo ulioitwa mfu, visiki na mizizi vilikuwa bado hai. Vilichohitaji ni kulindwa tu.

Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana hazikuzidi sana hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika Shinyanga ya wakati ule iliyojumuisha hata Bukombe, ambayo tangu mwaka 2012 imo katika Mkoa wa Geita. Familia zikapata malisho, kuni, miti ya kujengea, dawa na asali. Mwaka 2002 HASHI ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Hapo hapakuwa na muujiza. Kujiamini kwa wananchi hao hakukutokana na hotuba, bali na kipande kimoja cha ardhi kilichofungwa, kikachipua, na jirani akakiona. Aidha, imani hiyo ililindwa kwa sheria: dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, lilisimamia masharti na kuwatoza faini waliolisha mifugo mahali palipofungwa.

Leo kasumba ile ile inasikika katika machimbo ya Geita na Kahama. Husemwa kwamba dhahabu na miti haviwezi kukaa pamoja, kwamba kuta za maduara lazima zishikiliwe na magogo kutoka pori lolote lililo karibu, na kwamba shimo likiisha dhahabu huachwa wazi. Lakini mchimbaji mdogo aliwahi pia kuambiwa kwamba hatapata kamwe mahali pa wazi pa kuuzia dhahabu yake, bali atategemea mlanguzi daima. Mwezi Machi, 2019, soko la madini, la kwanza la aina yake nchini, lilifunguliwa mjini Geita.

HASHI ilimalizika mwaka 2004, na hata ngitili zenyewe sasa zinanyemelewa na mkaa na uhaba wa ardhi. Kwa hiyo hakuna mradi wa kusubiriwa. Serikali za vijiji vyenye machimbo zinaweza kutenga ngitili za kutoa magogo kwa zamu, zikaweka sharti la kufukia mashimo, na kuwatoza wakaidi kama dagashida ilivyofanya. Wenye maduara wanaweza kuchangia gharama, kwani wao ndio watumiaji wakubwa wa magogo hayo.

Asemaye kwamba hayo hayawezekani aoneshwe ngitili. Nchi iliyoitwa jangwa ilichipua tena kwa sababu wenyeji wake walikataa kuliamini jina hilo, kisha wakafanya kazi.