Fedha za ujenzi Pemba: Nani anapima kilichojengwa?

Na Mwandishi Wetu, Pemba

WAKAZI wa Chake Chake wamezoea kukusanyika katika viwanja vya Tibirinzi kusikiliza ahadi za wanasiasa. Barabara, skuli na hospitali hutajwa hapo kwa idadi na kwa mabilioni ya shilingi. Kinachotajwa kwa nadra ni karatasi inayofuata baada ya ahadi kuanza kutekelezwa, nayo ni ankara ya mkandarasi.

Karatasi hiyo ndiyo mlango ambao fedha za umma hupitia kutoka Hazina kwenda katika akaunti ya kampuni ya ujenzi. Mlango huo umepitisha fedha nyingi katika miaka ya karibuni. Mwaka 2021 Zanzibar ilipata mgao wa takriban shilingi bilioni 230 kutokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, na sehemu kubwa ikaelekezwa katika majengo ya skuli na hospitali za wilaya, ikiwemo ya Vitongoji wilayani Chake Chake.

Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, kifungu cha 112, imemkabidhi Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali jukumu la kukagua matumizi hayo. Ripoti yake hufikishwa Baraza la Wawakilishi, ambako kamati ya hesabu za serikali huwahoji watendaji. Hata hivyo, vitabu vya kampuni binafsi iliyojenga hukaguliwa na mkaguzi aliyeteuliwa na kampuni yenyewe. Kazi ni moja, lakini hesabu zake zimo katika madaftari mawili, na si mara zote madaftari hayo hulinganishwa.

Ugumu unaanzia katika namna ujenzi unavyolipwa. Duka huuza mfuko wa saruji na kupokea fedha papo hapo. Mkandarasi hulipwa kidogo kidogo kwa miezi au miaka, kulingana na kazi iliyopimwa na mhandisi au mkadiriaji majenzi na kuthibitishwa kwa cheti cha malipo.

Tuchukue mfano wa cheti chenye kazi ya shilingi milioni 200. Ikiwa mkataba unataka asilimia 15 irejeshwe kufidia malipo ya awali, zinaondoka milioni 30. Ikiwa asilimia 10 nyingine inazuiliwa hadi kipindi cha matazamio kiishe, zinaondoka milioni 20. Kampuni inapokea milioni 150. Mhasibu asiye mwangalifu, au mwenye nia mbaya, ana nafasi tatu za kukosea katika cheti kimoja: thamani ya kazi, marejesho ya malipo ya awali na fedha zilizozuiliwa.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, haliko katika hesabu ya kutoa na kujumlisha. Liko katika kipimo. Cheti kikisema msingi umemeza mita za ujazo 80 za zege ilhali zilizomwagwa ni 60, nyaraka zote zitakazofuata zitaoana vizuri na zote zitakuwa za uongo. Mkaguzi anayebaki mezani hataliona kosa hilo. Anayekwenda kwenye eneo la kazi na futi ya kupimia ataliona.

Kisiwa kama Pemba kinampa mkaguzi nyenzo moja muhimu. Shehena kubwa ya saruji na nondo huingia kwa vyombo vya baharini, hususan kupitia bandari ya Mkoani, na kila mzigo una hati zake. Aidha, mchanga huchimbwa kwa vibali vya serikali. Kulinganisha ankara ya mkandarasi na hati za mizigo, vibali vya mchanga, orodha ya malipo ya vibarua na taarifa za benki kunaweza kufichua malighafi iliyodaiwa lakini haikufika.

Mifano ya gharama ya uzembe ipo. Nchini Kenya, zaidi ya shilingi bilioni 7 za nchi hiyo zililipwa kama malipo ya awali kwa mabwawa ya Arror na Kimwarer, kaunti ya Elgeyo-Marakwet, na mabwawa hayakujengwa. Aliyekuwa Waziri wa Fedha, Henry Rotich, alishtakiwa mwaka 2019, na Desemba 2023 mahakama ikamwachia huru pamoja na washtakiwa wenzake. Sheria imesema lake, lakini wananchi walioahidiwa maji hawakuyapata.

Uingereza, kampuni ya Carillion ilianguka Januari 15, 2018, ikiwa na madeni ya karibu paundi bilioni 7 na fedha taslimu paundi milioni 29 tu. Taarifa zake za fedha za mwaka 2016, zilizopitishwa na wakaguzi wa KPMG, zilionyesha faida. Miezi michache baadaye, Julai 2017, ikakiri kwamba thamani ya mikataba yake ilipaswa kupunguzwa kwa paundi milioni 845. Ujenzi wa hospitali mbili, mjini Liverpool na karibu na Birmingham, ulisimama. Mwaka 2023 KPMG ilitozwa faini ya paundi milioni 21.

Funzo ni kwamba faida ya kampuni ya ujenzi ni makadirio kabla ya kuwa fedha. Kiwango cha kimataifa cha taarifa za fedha namba 15, kilichoanza kutumika Januari 1, 2018, kinaruhusu mapato kuhesabiwa kadiri kazi inavyoendelea. Anayekadiria kwamba amefikia nusu ya kazi wakati yuko robo, anaandika faida isiyokuwepo.

Lawama haiwaendei makandarasi peke yao. Serikali inapochelewa kulipa cheti kilichothibitishwa, deni huzaa riba, na riba hiyo hulipwa na mlipakodi bila kuongeza hata tofali moja. Kampuni ndogo za wazalendo ndizo huumia zaidi, kwa kuwa hazina mtaji wa kusubiri. Mkaguzi anapaswa kuhoji tarehe ya malipo kama anavyohoji kiasi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa upande wa ujenzi, daftari peke yake halitoshi hadi lisomwe pamoja na vyeti, hati za mizigo na jengo lenyewe. Hatua ya kwanza haihitaji sheria mpya: kila mradi ubandike kwenye bango lake thamani ya mkataba, kiasi kilicholipwa na tarehe ya cheti cha mwisho. Hapo mkaazi wa Tibirinzi aliyesikia ahadi uwanjani ataweza kulitazama jengo, akaitazama namba, na kuuliza.