Lahaja ya Pwani, Kosa la Bara

Wapo wenzetu ambao wakimsikia mtu wa Mombasa akisema "mato" badala ya macho, na "mtele" badala ya mchele, husimama kwa heshima wakanena kwamba hiyo ni lahaja, lugha ya Muyaka bin Haji. Wenzetu hao hao wakimsikia mtu wa Tandala akitamka Kiswahili kwa sauti ya milimani, au akikitaja kitu kwa jina lisilomo katika kamusi, hucheka. Cha kwanza ni lahaja, cha pili ni kosa! Sisi tutungao mashairi huku Ukinga tumeipima hukumu hiyo kwa muda mrefu, wala hatujaona haki ndani yake.

Kiswahili sanifu hakikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa, na humo Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa lugha ya shule na vitabu. Januari 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya serikali za kikoloni za Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, katibu wake akiwa Frederick Johnson. Uchaguzi ule ulikuwa na sababu zake: Kiunguja kilikuwa kimesafiri na misafara hadi kwenye maziwa, na Askofu Steere alikuwa amekwisha kukiandikia vitabu. Kimvita, alichokishughulikia Krapf, kikashindwa. Lakini kushindwa mkutanoni hakukukifanya Kimvita kuwa makosa. Abdilatif Abdalla alipotoa Sauti ya Dhiki mwaka 1973 alitunga kwa lugha ya kwao, nasi tuliisoma kwa furaha, na palipotuwia pagumu tuliuliza.

Hata Unguja penyewe watu hawasemi sanifu. Mama wa Kizanzibari huenda sokoni kununua tungule, naye mwanawe huenda skuli. Kamusi yasema nyanya, yasema shule. Je, nani amewahi kumcheka mtoto wa Unguja kwa neno skuli, ambalo ni Kiingereza kilichovishwa kanzu? Hakuna. Basi mbona mtoto wa Makete achekwe mbele ya darasa kwa kuwa ulimi wake unachanganya r na l, jambo lililo katika ndimi za watu wengi wa bara? Tumewaona watoto wa namna hiyo wakinyamaza mwaka mzima. Walikuwa na la kusema, lakini walichelea kicheko.

Kuna hasara nyingine, nayo ni ya taifa zima. Lugha iliyokulia pwani haikuwa na haja kubwa ya majina ya mambo ya baridi. Umande ugandao alfajiri ukaunguza viazi na mahindi mashambani kwetu, kamusi inauita jalidi, neno la Kiarabu. Hatulikatai, ila hatujamsikia mkulima wa milima ya Kipengere akilitumia. Wanaokijua kitu hicho kwa hasara ya mashamba yao hawakuulizwa wanakiitaje. Wala tusiambiwe kwamba maneno yetu hayajaandikwa: mwaka 1905 Mjerumani R. Wolff alichapisha huko Berlin sarufi ya Kikinga pamoja na orodha ya maneno, robo karne kabla ya Kamati ile kuzaliwa. Ulanzi, pombe ya mianzi, ulishuka milimani wenyewe bila ruhusa ya mtu, na leo wajulikana mbali. Hata hivyo mhariri mmoja alimrudishia mwenzetu shairi lenye neno hilo, kalipigia mstari mwekundu. Laiti lingalikuwa neno la kilevi cha Ulaya, huenda lingalipita.

Tutaambiwa kwamba tunataka kuvuruga umoja. Sivyo. Tumeandika barua za serikali maisha yetu yote, nasi twajua kwamba sheria, mtihani na waraka vyahitaji kipimo kimoja. Mwanafunzi akisema "kitabu yangu" na asahihishwe, awe wa Tandala au wa Tanga. Tunachokataa ni kuitwa makosa kila kisichotoka pwani. Mwalimu Nyerere aliposema kwamba anang'atuka, akaacha urais mwaka 1985, alitumia neno la Kizanaki, na nchi nzima ikalipokea siku ile ile. Umoja haukupungua hata chembe.

Tuwatazame Wahispania, ambao lugha yao imeenea nchi nyingi kuliko yetu. Chuo chao cha lugha kiliasisiwa Madrid mwaka 1713. Kimo katika chama kimoja na vyuo vya nchi za Amerika. Basi Cuba huitwa "guagua", Mexico huitwa "camión", na kamusi yao huyaandika yote mawili, ikitaja kando nchi litumikapo neno. Hakuna aliyetoka nje ya lugha.

Baraza la Kiswahili la Taifa tunalo tangu 1967. Tunaliomba litume watu wake Makambako, pale reli ya TAZARA na barabara ya Songea zinapokutana na wachuuzi wa kila kabila, kisha wapande hadi Tandala wakati wa kuvuna viazi. Waje na daftari. Wayaandike majina ya baridi, ya mianzi na ya udongo, na kando ya kila neno waandike: Njombe.