Kurudi Salama Nako ni Amana



Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha takriban mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Makueni, nchini Kenya. Shirika la Anga za Juu la nchi hiyo, katika taarifa yake ya awali, lilieleza kuwa ni kipande cha roketi. Alhamdulillahi, hakuna aliyejeruhiwa. Tukio lile lilitukumbusha kwamba mwenye kurusha kitu juu anawajibika pia kwa kushuka kwake.

Wajibu huo huwa mzito zaidi pale wanaoshuka wanapokuwa watu. Ndugu yetu Sultan AlNeyadi wa Umoja wa Falme za Kiarabu alikaa angani siku 186, Ramadhani ya 1444 ikiwemo, akarejea tarehe 4 Septemba 2023 pamoja na wenzake watatu. Chombo kinachoizunguka dunia huenda kwa kasi ya kilomita 28,000 hivi kwa saa. Ili kishuke, injini huwashwa kukipunguzia mwendo kidogo tu. Kazi iliyobaki hufanywa na hewa. Hewa hiyo husongwa mbele ya chombo hata ikawa moto mkali, na kinachowakinga waliomo ni ngao ya joto. Kikiingia kwa pembe kali mno, joto na mgandamizo huzidi kiasi. Kikiingia kwa pembe ndogo mno, hupita mbali na mahali pa kutua. Mwishoni hufunguka miamvuli, na AlNeyadi na wenzake wakatua baharini karibu na Jacksonville, Florida.

Hata hivyo, mitambo peke yake haitoshi. Januari 2003, chombo cha Columbia kilipokuwa kikiruka, kipande cha povu la kuzuia joto kilibanduka kwenye tangi na kuligonga bawa la kushoto. Wahandisi waliomba bawa hilo lipigwe picha. Wakuu wao hawakulifuatilia ombi hilo. Tarehe 1 Februari, wakati wa kurejea, Columbia ilivunjika angani na watu wote 7 wakafariki.

Mwaka 2024 mambo yalikwenda vingine. Butch Wilmore na Suni Williams walipanda na chombo cha Starliner kwa safari ya siku 8 hivi. Heliamu ikavuja, na baadhi ya injini ndogo zikashindwa. Baada ya mashauriano marefu, iliamuliwa kirudi kitupu, nao wakasubiri hadi tarehe 18 Machi 2025, wakarejea kwa chombo kingine. Starliner ilitua salama, na mtu angeweza kusema kuwa hofu ilizidi. Sisi hatuoni hivyo. Uamuzi hupimwa kwa yale yaliyojulikana wakati wa kuamua, na roho za watu hazifanyiwi majaribio ili kukwepa aibu.

Dini yetu imetufundisha hayo. Katika Suratush-Shuuraa, waumini wanasifiwa kwa kushauriana katika mambo yao. Na Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Allah.

Sasa tujitazame sisi tulio katika barabara ya Dodoma na Kondoa. Safari ya madrasa ikiandaliwa hapa Chemba, tunachanga nauli, tunapika, tunasoma dua. Dua hiyo ya safari ina maneno ya kurudi pia. Je, tumelikagua gari litakalowarudisha watoto usiku? Utingo akisema breki hazishiki vizuri, husikilizwa au huambiwa anachelewesha watu? Kijana akimwambia baba yake kuwa tairi la pikipiki limekwisha, hujibiwa nini?

Tunapendekeza kila kamati ya msikiti, kabla ya safari yoyote, imteue mtu mmoja mwenye ruhusa ya kusema "hatuondoki", na neno lake lisipingwe kwa cheo wala umri. Abiria aliyelala Chemba akaondoka kesho yake amechelewa tu. Mama anayemngoja mwanawe atamsamehe aliyemchelewesha.

Tumuombe Allah awalinde wasafiri wetu, na atupe moyo wa kusikiliza kabla ya kuondoka.

Wabillahi tawfiq.